Nilimsifia wifi yangu siki, ikala meza yake; sasa mdogo wangu anataka orodha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtu wa kusifia vitu. Nikipata kitu cha nyumbani kinachofanya kazi yake vizuri, siwezi kunyamaza. Brashi ikisugua vizuri, jirani atajua. Sabuni ikitoa doa, nitaipiga picha niwatumie ndugu. Siuzi chochote na sipati chochote kwa mtu. Ni furaha tu ya kuona mwenzangu naye amepunguziwa kazi.

Kati ya vyote, nilichokisifia zaidi ni siki nyeupe. Ilianzia kwenye birika langu la umeme. Ndani lilikuwa limeshika magamba meupe, ukimimina maji unaona vipande vinaelea kikombeni. Nikachemsha siki na maji mle ndani, nikaacha kidogo, nikamwaga. Birika likarudi kama siku niliyolitoa dukani. Tangu hapo siki ikawa dawa yangu ya kila kitu: vioo, mabomba, sakafu nzima. Wakati mwingine naichanganya na soda ya kuokea, nikiona povu linavyopanda najua uchafu umekwisha.

Miezi mitano iliyopita wifi yangu, dada wa mume wangu, alihamia nyumba mpya. Jikoni ameweka meza ya marumaru, nyeupe yenye mishipa ya kijivu, kitu alichokiwekea akiba muda mrefu. Akaniuliza aisafishe kwa nini. Nikamwambia siki. Akauliza tena, "Hata kwenye marumaru?" Nikamjibu, "Kwangu sakafu yote ni marumaru, naipigia siki kila wiki na haijawahi kupata hata doa." Nikampelekea chupa ya kupulizia niliyoichanganya mwenyewe.

Wiki mbili baadaye nilimtembelea, nikakuta meza imefunikwa kitambaa. Hakusema neno. Alipotoka kupokea simu niliinua pembe ya kitambaa. Meza ilikuwa na vidoa kama imenyeshewa manyunyu, na mduara mmoja kamili pale chupa ilipokuwa ikikaa. Havikuwa vidoa vya rangi. Ni sehemu zilizopoteza mng'ao. Nikapitisha kidole: pembeni ni laini kama kioo, juu ya mduara panakwaruza kidogo kama karatasi. Nikarudisha kitambaa, nikakaa.

Hadi leo hakuna kati yetu aliyeitaja meza ile. Ananikaribisha vizuri, tunacheka, lakini hajaniuliza tena jambo lolote la nyumbani. Zamani alikuwa ananiuliza hata aina ya vibanio vya nguo.

Sasa mdogo wangu wa kike anahamia chumba chake cha kwanza mwezi ujao. Ameniandikia: "Dada, nitumie orodha ya vitu vyako vyote unavyovipenda, nitanunua kama ilivyo." Zamani ningemjibu usiku huo huo. Sasa nimeandika mara tatu, nimefuta mara tatu. Kila nikiandika jina la kitu naona ule mduara. Ameniuliza pia kama akichanganya siki na blichi atapata dawa yenye nguvu zaidi, nikashindwa hata kumjibu.

Nimwambie nini wifi yangu? Na je, niache kabisa kupendekezea watu vitu?

Mpenda Kusifia

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie mdogo wako simu umwambie siki na blichi zisikutane. Usimwandikie, mpigie. Maelezo nitayatoa mbele, lakini neno lenyewe lisisubiri.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale wifi yako alipouliza, "Hata kwenye marumaru?" Shaka yake ilikuwa ya haki. Na wewe ulimjibu ukweli unaoujua. Shida ni kwamba mlikuwa mnatumia neno moja kwa vitu viwili. Vigae vya sakafuni wengi wetu tunaviita marumaru. Vigae vile ni udongo uliochomwa kwenye tanuri, na vile vinavyong'aa vimevikwa juu ngozi ngumu kama kioo ambayo siki haiidhuru. Meza ya wifi yako ni marumaru yenyewe, jiwe lililochimbwa na kukatwa vipande, na jiwe hilo karibu lote ni kalsiamu kaboneti.

Sasa rudi kwenye birika lako. Yale magamba meupe ni nini? Sehemu kubwa yake ni kalsiamu kaboneti hiyo hiyo, iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji, maji yalipochemka ikaganda ukutani. Siki ya kawaida ya dukani ina takriban asilimia 5 ya asidi asetiki. Asidi hiyo ikikutana na kalsiamu kaboneti huila, ikatoa hewa ukaa, na kinachobaki kikayeyuka kwenye maji. Siku nyingine ukimimina siki birikani, usiwashe kwanza. Sogeza sikio. Utasikia mchakarisho mdogo, kama mchanga unaomiminwa juu ya karatasi, na ukichungulia utaona vipovu vinapanda kutoka kwenye magamba. Juu ya meza ya wifi yako mambo yalikuwa yale yale, tone kwa tone, ila hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Ndiyo maana sitakwambia siki ni mbaya. Kazi uliyoisifia na madhara uliyoyaona ni tendo moja. Ulichokosa kumpa wifi yako ni nusu ya pili ya sifa: mahali ambapo kitu hicho hakifai. Kwa maoni yangu, kitu chochote cha nyumbani ambacho mtu hajui kisipakwe wapi, bado hajakijua vya kutosha kumpelekea mwenzake. Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho. Usiache kusifia. Maliza sifa.

Nianze na meza, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi.

Alama zile hazitafutika kwa kupangusa, kwa sababu hakuna kitu kilichoganda juu. Jiwe lenyewe limeliwa, ngozi yake yenye mng'ao imeondoka, ndiyo maana kidole chako kilihisi kukwaruza. Mtu asijaribu kuziondoa kwa ndimu, soda, dawa ya choo wala waya wa kusugulia sufuria. Atazidisha. Lakini meza haijafa. Fundi wa mawe husaga juu juu kwa vipande vya kusagia, anaanza na vinavyokwaruza kiasi anamalizia na vilaini kabisa, kisha anang'arisha, na kwa alama za manyunyu kama ulivyozieleza, mara nyingi jiwe hurudi likafanana na pembeni yake. Akimaliza anaweza kupaka dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe. Wifi yako aelewe jambo moja kuhusu dawa hiyo: inazuia mafuta na rangi kuzama ndani ya jiwe, haizuii asidi. Ndimu ikidondoka itaacha alama vile vile, kwa hiyo ifutwe mara moja.

Usafi wa kila siku wa meza hiyo ni maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini, halafu kitambaa kikavu. Basi. Na mtu asiyejua jiwe lake ni la aina gani, adondoshe tone moja la siki chini ya meza au nyuma ya ukingo, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Likitoa vipovu, au likikauka na kuacha kivuli kisicho na mng'ao, siki isiguse jiwe hilo tena. Terazo nayo iko kundi hilo, maana mara nyingi ina vipande vya marumaru na saruji. Hata mistari ya saruji kati ya vigae vyako, mwanangu, inalika kidogo kidogo kwa siki ya kila wiki. Sakafu yako ipunguzie, sabuni inaitosha.

Sasa orodha. Umeniambia unavyopenda kusifia, na nikiri kwamba mimi pia nina vitu vyangu ambavyo ningeingia navyo kwenye nyumba yoyote. Vya kwangu ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Nitakuambia kila kimoja na mwisho wake, nawe uchukue unachokiamini.

Cha kwanza hakina jina la kupendeza: kipangusio cha mpira chenye mpini mfupi, kama kile cha kufutia vioo vya gari. Kitundikwe bafuni, pale mkono unapofika bila kutafuta. Ukimaliza kuoga, unapitisha ukutani toka juu kwenda chini, kisha sakafuni kuelekea kwenye tundu la maji. Haimalizi dakika 2. Nitakuambia kwa nini nakiweka mbele ya siki, sabuni na dawa zote. Zile alama nyeupe za bafuni zinatokea pale maji yanapokaukia ukutani na kuacha madini yake. Ukungu mweusi kwenye pembe nao unahitaji unyevu ili uishi. Maji yakiondolewa kabla hayajakauka yenyewe, magamba hayapati pa kuanzia na ukungu haupati unyevu. Kwa hiyo asidi ambayo ungeinunua kuondoa magamba, huinunui. Nimeona watu wenye kabati limejaa dawa za bafuni, na bafu lenyewe linabaki na maji kutwa nzima. Mnunulie mdogo wako hicho kiwe zawadi yako ya kwanza.

Cha pili ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya kawaida isiyo na madoido. Chembe ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Upande mmoja unashika mafuta, mwingine unashika maji, na mafuta yanaondoka yakiwa yamezungukwa. Karibu uchafu wote wa nyumbani una mafuta ndani yake, ya jikoni au ya ngozi zetu, ndiyo maana sabuni hii inafaa mahali pengi kuliko dawa nyingi zenye picha nzuri: sahani, meza, kola ya shati, swichi za taa, kiti cha plastiki, sinki. Kwenye chupa ya kupulizia yenye nusu lita ya maji, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Watu huharibu hapa kwa kuzidisha. Sabuni iliyobaki juu ya kitu inanata, na kinachonata kinavuta vumbi, halafu mtu anasema sabuni haifai. Mwisho wake ni mbao mbichi ambazo hazijapakwa rangi wala vanishi, na chochote cha umeme: hapo lowesha kitambaa kidogo, usipulizie kitu chenyewe.

Kitambaa cha maikrofaiba nakipenda kwa moyo wote. Nyuzi zake ni za plastiki, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, na katika vitambaa vingi kila uzi umepasuliwa kuwa nyuzi ndogo zaidi. Pitisha kidole kilichokauka utahisi kinavyong'ang'ania ngozi. Hivyo ndivyo kinavyoshika vumbi na mafuta kwa maji matupu, bila dawa, na kioo kinatoka safi bila michirizi. Nunua vinne vya rangi tofauti, kila rangi na mahali pake, cha chooni kisije kikaonekana jikoni hata kwa bahati mbaya. Lakini wengi wanakiua wenyewe kwenye kufua. Kikifuliwa na taulo za pamba kinabeba nyuzi zake hadi kinajaa. Kikipigwa dawa ya kulainisha nguo, nyuzi zinavikwa mafuta na hazishiki kitu tena. Kikipigwa pasi kinayeyuka. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kianikwe. Kama mdogo wako hataki plastiki nyumbani, fulana ya zamani ya pamba iliyokatwa vipande inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na hiyo hainunuliwi.

Soda ya kuokea. Hapa lazima nikutoe kwenye jambo moja, na najua unalipenda. Povu linalopanda ukiichanganya na siki si kazi ya kusafisha inayoendelea. Siki ni asidi, soda ni kinyume chake, na zikikutana zinamalizana. Hewa ukaa inatoka, ndilo povu lenyewe, na kinachobaki kwenye ndoo ni maji yenye chumvichumvi kidogo yasiyo na nguvu ya siki wala ya soda. Umetumia vitu viwili vizuri ukapata kimoja dhaifu. Tumia soda peke yake: ifanye uji mzito kwa maji kidogo, isugue kwenye kikombe chenye weusi ndani, kwenye sinki la chuma kisichoshika kutu, kwenye mlango wa oveni. Chembe zake ni laini kuliko kioo, kwa hiyo zinasugua bila kuchora. Bakuli wazi kwenye kabati lenye harufu linasaidia, hasa harufu za uchachu. Isiachwe kwenye sufuria za alumini, zitaingia weusi. Na usiichanganye kichwani na magadi ya mawe, ambayo ni makali zaidi kwa ngozi.

Siki yenyewe ibaki kwenye orodha, mwanangu, usiifukuze kwa sababu ya meza moja. Birika: sehemu moja ya siki kwa sehemu moja ya maji, chemsha, acha nusu saa, mwaga, chemsha maji matupu mara mbili kabla ya kunywa. Kichwa cha bomba la mvua kilichoziba: funga kimfuko chenye siki kukizunguka usiku kucha, kama ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu usifanye hivyo. Vioo vya madirisha. Nje ya hapo, mawe, saruji na skrini za simu na televisheni visiione.

Sabuni ya unga ya kufulia: achague yenye vimeng'enya, yaani "enzymes", imeandikwa kwenye pakiti. Wazo hilo lina zaidi ya miaka 100. Mjerumani Otto Röhm alilipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1913, akitumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama. Vimeng'enya vya leo hukata protini, wanga na mafuta vipande vidogo vinavyooshwa na maji. Vinahitaji muda, kwa hiyo kuloweka nusu saa kunafanya kazi kubwa kuliko kuongeza unga. Damu ianze na maji baridi, maji ya moto yanaipika ndani ya kitambaa. Na sabuni hii isiguse sufu wala hariri: zote mbili ni protini, na kimeng'enya hakijui tofauti ya doa na nguo.

Kuhusu kipimo, fanya jaribio hili hata wewe. Chukua taulo uliyoifua, iliyokauka, itumbukize kwenye beseni la maji ya uvuguvugu bila kuongeza kitu, uikoroge kwa mkono. Povu likitokea, taulo yako imekuwa ikibeba sabuni ya kufua zilizopita. Ndiyo inayoifanya iwe ngumu, na harufu ile ya unyevu isiyoisha mara nyingi inaanzia hapo. Suuza hadi maji yatulie, punguza kipimo kuanzia wiki inayofuata, na dawa ya kulainisha iache kabisa kwenye taulo, kwa sababu inazipunguzia uwezo wa kunywa maji.

Brashi ya vyombo badala ya sponji, maana inakauka haraka na sponji inakaa na unyevu unaolea vijidudu. Glavu za mpira. Mswaki wa zamani kwa ajili ya pembe. Hayo hayahitaji maelezo.

Nimeiacha blichi mwisho kwa makusudi. Nyumba nyingi zinaihitaji mara chache kuliko zinavyoitumia. Haisafishi uchafu, inaua vijidudu na kuondoa rangi, na ikikuta uchafu mwingi nguvu yake inaishia kwenye uchafu. Kwa hiyo sabuni kwanza, suuza, ndipo blichi iliyochanganywa na maji baridi kwa kipimo cha kwenye chupa. Iliyochanganywa isikae hadi kesho yake, inapoteza nguvu. Sufu, hariri na nguo za rangi mbali.

Na sasa swali la mdogo wako. Blichi ikikutana na asidi yoyote, iwe siki, iwe ndimu, iwe dawa kali ya choo, inatoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Bafuni haitakuwa nyingi kiasi hicho, lakini bafu ni dogo, mlango umefungwa, na mtu ameinama na uso juu ya sinki la choo. Blichi ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za vioo, inatoa hewa nyingine inayounguza mapafu. Hata dawa mbili zilizofuatana zinaweza kukutana: wa kwanza akamwaga ya asidi hakusuuza, wa pili akaja na blichi. Mtu akihisi macho yanawasha au kifua kinabana, aache kila kitu kama kilivyo, atoke nje kwenye hewa, na kikohozi kisipotulia aende hospitali. Asirudi ndani kumwaga ndoo.

Halafu chupa. Barua yako inasema ulimpelekea wifi yako chupa uliyoichanganya mwenyewe, nami nikajiuliza kama ilikuwa na maandishi. Dawa yoyote ikae kwenye chupa iliyokuja nayo, au kwenye chupa iliyoandikwa jina, kipimo na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Mtoto hasomi harufu, anasoma umbo la chupa, na hata mtu mzima mwenye kiu usiku hufanya hivyo hivyo.

Kwa mdogo wako, usitume orodha kwanza. Tuma maswali. Sakafu ni ya nini: vigae, saruji, mbao? Maji ya bomba yanaacha alama nyeupe kwenye glasi? Atafua kwa mkono au kwa mashine? Kuna mwenye pumu, au mtoto atakayekuwa anakuja? Bafu lina dirisha? Majibu yake yatakata nusu ya vitu ulivyotaka kumwandikia, na hilo ni jambo jema, chumba cha kwanza hakina makabati ya kutosha. Kisha kila kitu kinachobaki kiandikie kazi, kipimo na mahali pasipofaa, kwa mistari mifupi atakayoweza kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Mathalani: "Siki nyeupe. Birika na kichwa cha bomba, nusu kwa nusu na maji. Isiguse jiwe, terazo, saruji. Isikutane na blichi." Akisema atanunua kama ilivyo, basi maandishi hayo nayo yawe sehemu ya anachonunua.

Tumalizie kwa wifi yako. Miezi ya kimya imekuwa mizito kwenu wote wawili, na nadhani kimya chake si hasira. Mtu mwenye hasira hafuniki meza kabla ya mgeni aliyemkosea kufika. Alificha ili usione aibu. Kwa hiyo wewe ndiye wa kufungua. Nenda mkiwa wawili tu, usipitishie kwa mume wako wala kwa ujumbe wa simu. Mwambie: "Wifi, niliinua kitambaa siku ile. Ni siki yangu iliyofanya vile. Uliniuliza mara mbili, nami nikakujibu bila kukuuliza jiwe lako ni lipi." Usianze na habari ya vigae na kalsiamu, hiyo ni ya baadaye, akitaka kujua. Usiseme pia kwamba ulikuwa na nia njema, hilo analijua.

Kisha mpe kitu cha kushika: umekwisha kutafuta fundi wa mawe, umemweleza alama zilivyo, na gharama mtabeba pamoja, au wewe peke yako ukiweza. Fundi na aangalie kwanza kwa macho yake kabla ya kuahidi kitu, na ajaribu kwenye pembe moja ndogo ndipo aende kwenye meza nzima. Ile chupa uliyompelekea uichukue urudi nayo. Na uwepo siku ya kazi, maana kusaga jiwe kunachafua jiko zima na atahitaji mikono ya kufuta. Fundi akishaondoka, msaidie kukunja kile kitambaa.